Namna ya kuandika riwaya ya mapenzi: anza na mtu anayekataa

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya wale wanaoniletea madaftari yao nyumbani, wengi wao wakiwa wasichana waliomaliza skuli karibuni na wake wenye watoto wadogo, ambao karibu wote huja na lalamiko moja: hadithi imeanza vizuri, wapenzi wamekutana na wamependana, kisha ilipofika ukurasa wa 30 kalamu imekuwa nzito na hakuna tena la kuandika. Nimeandika riwaya za mapenzi tangu nilipokuwa mwalimu kijana Wete, kisiwani Pemba, hadi sasa ninapoishi Unguja mjini, na kila nikisoma daftari lililokwama naona sababu ni ile ile. Mwandishi amewapenda wapenzi wake wawili akamsahau mtu wa tatu, yule anayesema hapana. Kwa hiyo hatua ninazozieleza hapa zinaanza kwake na zitarudi kwake mara kwa mara.

Hatua ya kwanza: mtafute anayekataa, umpe haki yake

Katika madaftari mengi ninayoletewa, anayekataa ni mama wa kambo mwenye roho mbaya, au tajiri mzee anayemtaka msichana, au shoga yake, yaani rafiki wa kike, mwenye kijicho. Watu wa namna hiyo wapo duniani, lakini riwaya haisimami juu yao, kwa sababu msomaji anajua tangu mwanzo kwamba hawana haki, na kilichobaki kwake ni kungoja siku watakayoaibika. Anayekataa ni lazima awe na sababu ambayo msomaji mwenyewe, kama ingekuwa ni binti yake anayeposwa, angeitaja.

Tuchukue mfano nitakaoutumia hadi mwisho. Riziki ni binti wa Konde, kaskazini ya Pemba, ambaye baba yake amefariki na anaishi na mama yake, Bi Mkasi, katika nyumba yenye mikarafuu 18 nyuma yake. Faki ni fundi wa madau. Ameleta posa kwa heshima zote, kwa mshenga na kwa barua, na Bi Mkasi ameirudisha. Kwa nini? Msichana mmoja niliyemuuliza alijibu kwamba Faki ni maskini. Jibu hilo ni jepesi, kwa sababu fedha ikipatikana hadithi imekwisha. Tujaribu tena: dada yake Riziki aliolewa na kaka yake Faki, na baada ya miaka minne alirudi kwao usiku, ameshika watoto wawili na talaka iliyoandikwa kwenye karatasi iliyochanwa daftarini. Aliyesikia mlango ukigongwa na kwenda kuufungua ni Bi Mkasi. Sasa mama huyu anapokataa kumtoa binti wa pili katika ukoo ule ule, hata msomaji anayeitaka ndoa hiyo kwa moyo wake wote hana la kumjibu.

Kabla hujaandika sura ya kwanza, andika kurasa mbili kwa sauti ya huyo anayekataa, kana kwamba anamweleza jirani yake wa miaka mingi kwa nini hawezi kukubali. Usimpe maneno ya kujiumbua. Ukimaliza kurasa hizo na wewe mwenyewe ukaona kwamba huyu mtu ana haki, basi una riwaya mkononi. Ukimaliza na bado unamwona mbaya, usianze kuandika. Rudi ukatafute sababu nyingine, hata kama itachukua mwezi.

Hatua ya pili: uliza wanaojua kabla hujajenga kisa

Kisa cha mapenzi cha Visiwani kinapita katika nikaha, talaka, eda (muda wa kungoja kabla ya kuolewa tena) na uwalii (mamlaka ya kumwoza binti), na kosa moja katika mambo haya humfanya msomaji afunge kitabu, kwani msomaji wetu ameyasikia tangu chuo cha Kurani. Angalia mfano wetu. Bi Mkasi ni mama, na mama si walii. Baba hayupo, na tukisema kwamba Riziki hana babu wala ndugu wa kiume, uwalii unakwenda kwa ami yake, ndugu wa baba. Maana yake ni kwamba ami akikubali na Riziki mwenyewe akiridhia, ndoa inaweza kufungwa hata Bi Mkasi akiwa amekaa jikoni na kanga usoni. Mwandishi asiyelijua hili atamfanya mama awe ukuta. Mwandishi anayelijua atatambua kwamba mama hana chochote cha kuzuia isipokuwa radhi yake, na hapo ndipo hadithi inapopata uzito, kwa sababu Riziki hatakabiliwa na mlango uliofungwa. Atakabiliwa na mlango ulio wazi ambao hawezi kuupita.

Vivyo hivyo kwa siri ya kunyonya ziwa moja, ambayo waandishi vijana huipenda sana kwa kuwa huanguka katikati ya hadithi kama radi. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa hapa, kunyonya kunakoharamisha ndoa ni mara tano kwa uchache, tena kabla mtoto hajatimiza miaka miwili. Kwa hiyo bibi anayekumbuka kwamba alimnyonyesha mtoto wa jirani usiku mmoja tu, mama yake alipokuwa mgonjwa, hajavunja ndoa bado. Ameleta mashaka, na mashaka yanaweza kukupa sura nne nzuri za watu wazima wakiulizana na kuhesabu. Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi, au hadi ajifungue ikiwa ni mjamzito. Andika hesabu hizi ukutani, na ukiwa na shaka nenda kwa sheikh au kwa mwalimu wa madrasa umuulize kwa adabu. Mimi sijawahi kufukuzwa.

Hatua ya tatu: wapende wapenzi wako wakiwa kazini

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo madaftari mengi yanapokuwa matupu. Mwandishi anatueleza kwamba msichana ana macho ya kurembua na sauti ya kinanda, kisha anamketisha dirishani kurasa kumi. Lakini vijana wetu wa Pemba hawakutani madirishani. Wanakutana penye kazi, wengine wakiwaona, na mapenzi yao yanajificha ndani ya kazi yenyewe.

Chukua msimu wa karafuu. Karafuu zikishachumwa hufika nyumbani ndani ya mapakacha zikiwa bado na vikonyo vyake, na usiku watu wa nyumba hukaa chini kuzichambua, karafuu upande huu na makonyo upande ule. Asubuhi zinaanikwa juu ya majamvi kwa siku kadhaa mpaka rangi yake igeuke kahawia, na kila jioni huanuliwa, na mvua ikitishia huanuliwa mbio, kwa maana karafuu iliyorowa imeshusha thamani yake. Mwaka mmoja nilikuwa nimekaa barazani kwa ndugu zangu karibu na Wete mawingu yakaja ghafla kutoka baharini. Mwenye nyumba, mwanamke mtu mzima, alitoka akainama kushika ncha mbili za jamvi, na kabla hajaita mtu, kijana aliyekuwa akipita njia na baiskeli aliiangusha vichakani, akaja kushika ncha mbili za upande wa pili. Walikunja jamvi kuelekeana, hatua kwa hatua, bila kusemezana, macho yao wote yakiwa juu ya karafuu. Halafu kijana akaokota baiskeli yake akaenda. Hapakuwa na mapenzi yoyote pale, lakini nilirudi ndani nikaandika kila kitu, kwa sababu niliona kwamba nimeonyeshwa namna watu wawili wanavyoweza kukaribiana kwa sababu halali, mbele ya mawingu na mbele ya majirani, na wasigusane.

Kwa hiyo mpe Faki na Riziki jamvi hilo. Waandike hivi:

"Shika ncha hiyo, Faki."

"Nimeshika."

"Usivute. Zitamwagika."

"Sivuti, Riziki. Nakungoja wewe."

Maneno hayo mtu yeyote angeweza kuyasikia, hata Bi Mkasi aliyesimama mlangoni, na asiwe na la kumlaumu binti yake. Msomaji lakini ameshasikia kilichosemwa.

Ili uweze kuandika hivi ni lazima uijue kazi kwa vidole vyake. Nenda kwenye fungu la madau, mahali yanapoundwa, ukae nusu siku: angalia fundi anavyoishika tezo ya kuchongea, anavyozungusha keekee kutoboa ubao, anavyosukuma pamba ya kalafati katika mianya, na namna mikono yake inavyonuka sifa, yale mafuta ya papa ya kupaka vyombo, hata baada ya kuoga kwa sabuni mara mbili. Ukiijua harufu hiyo, huhitaji tena kutuambia kwamba Riziki anamfikiria Faki. Inatosha mtu mwingine apite na sifa mikononi naye ageuke. Ukichagua kuandika kuhusu wanawake wa mwani wa Paje au Jambiani, jua kwamba kazi yao inafuata bamvua, kwani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ndizo maji yanapotoka mbali na shamba likaonekana. Hadithi ya mapenzi ya mwani ina siku zake za kukutana na siku zake za kutoonana, na kalenda hiyo imeshatengenezwa; wewe ifuate tu.

Hatua ya nne: panga miaka na misimu

Chora mstari mmoja mrefu, uandike juu yake miezi ya hadithi yako, pepo za kaskazi na kusi, masika na vuli, msimu wa karafuu, na Ramadhani. Kama hadithi yako ina mwaka maalumu, kumbuka kwamba Ramadhani hurudi nyuma siku kumi au 11 kila mwaka wa kawaida, hivyo huwezi kuiweka popote utakapo. Kazi hii ni ya jioni moja, na itakuepusha na kusafirisha jahazi kwa upepo wa kaskazi mwezi wa Julai, wakati unaovuma ni kusi.

Hatua ya tano: jiwekee saa, na uilinde

Watu hudhani riwaya huandikwa na hisia. Huandikwa na saa. Mimi huandika baada ya sala ya alfajiri hadi watu wa nyumba wanapoanza kuulizia chai, na shabaha yangu ni maneno 500 kwa siku, siku tano kwa wiki. Kwa mwendo huo riwaya ya maneno 60,000 hukamilika kwa wiki 24. Mwenye mtoto mchanga anaweza kuchukua 200, na atafika tu, ila aijue hesabu yake asije akajilinganisha na mwingine. Mwezi wa Ramadhani mimi siandiki kurasa mpya. Nasoma nilichoandika na kusahihisha, kwa kuwa alasiri ya mfungo akili yangu inaona makosa vizuri kuliko inavyotunga.

Rasimu ya kwanza naiandika kwa mkono, katika daftari kubwa la mistari, ukurasa wa kulia peke yake, wa kushoto ukibaki mtupu kwa marekebisho. Tabia hiyo niliipata Unguja ilipokosa umeme kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Nilikuwa katikati ya riwaya iliyokuwa ndani ya kompyuta, nisiweze hata kuifungua. Baada ya wiki mbili za kusononeka niliwasha kandili nikaianza upya kwa kalamu, kutoka kichwani, na sura ambazo sikuzikumbuka zilikuwa ndizo zile ambazo hazikuwa na haja ya kuwepo. Sikulazimishi utumie kalamu. Ukiandika kwa simu, kama wengi wanavyofanya sasa, kila Ijumaa jitumie nakala mahali pengine, kwani simu huanguka baharini na huibiwa daladalani.

Hatua ya sita: mapenzi yasemwe kwa fumbo

Sisi tuna lugha nzima ya kusema bila kusema, na taarabu imeifanyia kazi kwa zaidi ya miaka mia moja, tangu Nadi Ikhwan Safaa ilipoanzishwa mwaka 1905, na baadaye katika uimbaji wa Siti binti Saad. Mwandishi anayemfanya kijana wa Konde aseme "nakupenda" katika ukurasa wa tano ameutupa utajiri huo. Neno hilo litunze. Katika riwaya nzima lisizidi mara mbili, na moja ya hizo mara mbili lisemwe na mtu usiyemtarajia.

Kanga ni mfano ninaoupenda kuufundisha. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina, na kila msomaji wetu anajua kwamba jina la kanga linaweza kuwa jibu la ugomvi au salamu kwa mtu fulani. Lakini waandishi wengi husahau kwamba doti ni vipande viwili. Bi Mkasi ananunua doti moja yenye jina "Subira yavuta heri", anaikata, kipande kimoja anajifunga mwenyewe na cha pili anampa binti yake. Riziki anapita mbele ya fungu la madau akiwa na kipande chake begani, na Faki anakisoma kama ahadi: ningoje. Jioni Faki anakwenda dukani, anamkuta Bi Mkasi na kipande cha pili, jina lile lile, na safari hii anakisoma kama onyo la mtu mzima kwa kijana mwenye haraka. Kitambaa ni kimoja na maneno ni yale yale. Sura kama hiyo unaweza kuiandika bila mtu yeyote kufungua mdomo.

Kuhusu faragha ya wapenzi waliooana, kauli yangu ni ya mtu mmoja na sitaki iwe sheria. Mimi huishia mlangoni. Uchago wa kitanda, asumini juu ya mto wa kulalia na udi unaofuka kutoka chetezoni vinatosha, kwa sababu kitabu changu kitasomwa na mama na mwanawe kwa kupokezana.

Neno moja la lahaja. Masimulizi yaandike kwa Kiswahili sanifu, na mazungumzo uyaache yawe na ladha ya kwao: mtu wa Pemba aseme "mie" na "weye", mzee wa Makunduchi awe na maneno yake mawili matatu. Ukizidisha, msomaji wa mbali atakwama, na ukiandika lahaja usiyoizungumza, wenyewe watajua kwa sentensi ya kwanza.

Hatua ya saba: hifadhi siri za watu

Visiwa ni vidogo. Ukiandika kwamba mke wa mwalimu fulani wa kijiji fulani alitoroka, kesho kuna nyumba itakayonyoshewa kidole, na pengine si yako. Niliwahi kuchukua kisa cha jirani, nikabadilisha majina peke yake nikidhani nimemficha. Alinijua, akanyamaza, na hajakanyaga tena nyumbani kwangu, naye alikuwa ndiye mtu wa kwanza kuniletea uji nilipojifungua. Tangu hapo ninabadilisha mambo matatu kwa pamoja: mahali, kazi, na idadi ya watoto. Nikishindwa kuvibadilisha bila hadithi kuanguka, naelewa kwamba kisa kile hakijawa changu, na nakiacha.

Hatua ya nane: isome kwa sauti, kisha umalize bila kuua mtu

Rasimu ikikamilika iache wiki tatu. Kisha isome kwa sauti, na ikiwezekana umsomee mtu mzima asiyesoma vitabu, kwa mfano shangazi au somo wako aliyekufunda, huku akifanya kazi zake. Usimuulize kama imempendeza, maana kwa heshima atasema ndiyo. Wewe angalia mikono yake. Pale anapoacha kuchambua mchele ili asikilize, weka alama. Pale anapouliza habari ya sufuria jikoni, weka alama nyingine, na sehemu hiyo uikate.

Ukisahihisha, anza na sifa za uzuri wa sura, uondoe nusu yake. Kisha nenda moja kwa moja mwisho wa riwaya, kwani ndiko waandishi wa mapenzi wanakokosea zaidi. Wengi, wakiona mama amekataa mpaka sura ya mwisho, humuua. Anapata homa, anatoa radhi kitandani, anafariki, harusi inafuata. Nawaomba msimuue Bi Mkasi. Kifo chake kinamnyima haki uliyompa tangu kurasa zile mbili za mwanzo, na kinawapa wapenzi ushindi ambao hawakuufanyia kazi. Wala asibadilike kwa hotuba ya Faki. Asogee hatua moja tu, kwa hiari yake, na kwa sababu ya jambo aliloliona mwenyewe. Mimi ningeandika hivi: Faki, bila kumwambia mtu, kila mwezi amekuwa akiwapelekea fedha za matumizi watoto wale wawili ambao kaka yake aliwaacha, na Bi Mkasi analigundua hilo kwa dada yake Riziki, aliyekatazwa asiseme. Siku hiyo anamwita Faki barazani.

"Mwanangu Faki, mie sina ugomvi na weye. Nina ugomvi na mlango ule."

"Naujua, mama."

"Basi ukija tena, usimtume mshenga. Njoo ugonge mwenyewe, mchana."

Hajasema ndiyo. Msomaji ataifunga riwaya akijua atakayoyasema mchana huo.

Hatua ya tisa: mswada na mkataba

Andaa nakala safi, kurasa zenye namba, na muhtasari wa ukurasa mmoja. Hakimiliki ni yako tangu ulipoandika, lakini kabla ya kuutoa mswada nje nenda ukausajili Ofisi ya Hakimiliki Zanzibar, COSOZA, ili uwe na ushahidi ukihitajika. Kuwatolea wasomaji sehemu kwa sehemu kupitia simu ni njia nzuri ya kupata watu, ila usitoe zaidi ya robo kama unakusudia kuchapisha.

Mkataba usome pamoja na mtu anayejua sheria. Mchapishaji wangu wa kwanza alinipa karatasi nne nikasaini nimesimama, kwa furaha, na miaka mingi baadaye ndipo nilipofahamu kwamba nilikuwa nimetoa haki zote bila kikomo cha muda, pamoja na haki ya filamu na ya tafsiri. Angalia mambo manne: mrabaha, yaani fungu lako katika mauzo, ni asilimia ngapi na unahesabiwa juu ya bei gani, unalipwa lini, haki gani hasa unazitoa, na kwa miaka mingapi. Kama kitabu kikiisha madukani na hakichapwi tena, pawe na kifungu kinachokurudishia haki zako. Nakala ya mkataba iweke ndani ya kasha lile lile lenye madaftari, na mtu mmoja wa nyumbani ajue ufunguo uko wapi.